Bano Moja Lilitufungia Kwenye Baridi, Mimi na Wifi Yangu

"Wifi... mimi ndiye niliyekufuta."

Jamani! Hebu vuteni picha. Tumefungiwa kwenye chumba cha baridi, mlango wa chuma umegoma, meno yanagongana, halafu mtu niliyenaye humo ndani ndiye ananiambia maneno hayo!

Ngojeni niwaeleze vizuri, msije mkaniona chizi.

Mimi na mume wangu tuna ghala la maziwa. Tulilianzisha wote, kwa jasho letu. Wifi yangu, yaani mdogo wake mume wangu, ndiye msimamizi wa stoo. Mimi kazi yangu ni mfumo wa milango. Pale hakuna funguo. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, unapita.

Majina ya wenye ruhusa yapo kwenye faili moja la JSON, na mashine ndiyo inalisoma. Kila jina limekaa katikati ya mabano mawili, moja la kufungua, moja la kufunga. Mabano yasipolingana, mashine haisomi kitu. Inakataa watu wote, hadi wenye mali!

Sasa leo mchana tumeingia kuangalia siagi, wifi ndiye aliyefungua kwa kidole chake. Mlango ukajifunga nyuma yetu. Kutoka, wifi akaweka kidole.

Tiit-tiit. Nyekundu.

Nikaweka changu.

Tiit-tiit. Nyekundu!

Kitasa cha dharura cha ndani? Kilishavunjika zamani, na kila siku tunasema tutatengeneza kesho. Tukapiga kelele weee! Kuta nene vile, nani atasikia?

"Wifi, humu ndani wifi ipo?" nikamuuliza.

"Si mimi hapa!"

"Siyo wewe! Mtandao!"

Chekeni tu. Mimi sikucheka. Nilipanda juu ya kreti, mkono na simu juu darini, mtandao ukaingia kwa kusuasua. Nikampigia mume wangu.

"Tumekwama chumba cha baridi! Njoo utufungulie!"

"Nipo safarini, mke wangu... mbali kabisa. Jitahidini."

"Tujitahidi?! Tunaganda huku!"

Nyuma ya pumzi zake nikasikia...

Tiit-tiit.

Simu ikakatika.

Nikamwangalia wifi. Wifi akaniangalia. Mlio ule niliuchagua mwenyewe, ni wa milango yetu.

"Kaka yupo humu humu jengoni," wifi akasema. Akakaa sakafuni. Ndipo akanitamkia kwamba yeye ndiye aliyenifuta.

"Nimekukosea nini?!"

"Kaka aliniambia unataka kuuza ghala, utufukuze sisi ndugu zake. Akasema nikutoe kwenye milango yote leo, kabla mnunuzi wako hajaja."

"Mnunuzi WANGU?"

Nilitamani nimrukie, kweli tena. Lakini utampigaje mtu na vidole havikunjiki? Na sisi shida yetu ilikuwa mlango.

Nikafungua lile faili kwenye simu. Mikono imekufa ganzi, nabonyeza hiki inaingia kile. Kila pumzi inatoka moshi. Niliogopa jamani, niliona kabisa tunatolewa humo tumekauka. Simu ikaniambia mabano hayalingani.

"Umenifuta ukaacha bano wazi! Umetuua, wifi!"

"Sikuacha! Si wewe uliyenifundisha? Nilifuta jina lako na mabano yake yote mawili. Naapa!"

Nikaangalia tena. Kweli... Pale lilipokuwa jina langu palikuwa pasafi, hata koma ameondoa.

Bano lililoachwa wazi lilikuwa chini kabisa. La kufungua lipo, jina hamna, la kufunga hamna. Mtu kafuta kwa pupa, tena asiyejua anachofanya.

"Wifi," nikamwita taratibu. "Jina lako liko wapi?"

"Si hapo chini ya la kaka."

Nikamgeuzia simu.

Chini ya jina la kaka yake palikuwa na lile bano moja, limeachama.

Alilia mtoto wa watu! Alilia mpaka baridi nikaisahau.

"Na mimi?! Kaka yangu wa tumbo moja, amenifuta na mimi?"

Kumbe mwenye mnunuzi ni mume wangu mwenyewe. Alitaka sote wawili tusiwe na mlango hata mmoja wa kuingilia. Katika kumfuta dadake akaharibu faili, jengo zima likajifunga, na yeye mwenyewe akakwama ofisini na mgeni wake, huyo mnunuzi.

"Funga bano, wifi," akaniambia. "Funga tutoke, nakufa mimi."

Nikaweka jina lake. Nikaweka langu. Nikapitia mabano yote kwa sauti, mimi "fungua," yeye "funga," kama watoto wa chekechea. Kisha nikafuta jina moja, la mume wangu, na mabano yake yote mawili. Kwa usafi.

Nikahifadhi.

Kidole cha wifi kilikuwa kama mti. Nikakishika, nikakipulizia mpaka kikapata joto, nikakiweka mlangoni mwenyewe.

Kijani!

Hivi ninavyowaandikia tumekaa kwenye korido, koti langu kavaa yeye, tunakunywa chai ya moto. Mgeni wa watu hana kosa, tutamtoa tukiacha kutetemeka. Huyo mwingine anagonga mlango wa ofisi mpaka mkono utamvimba.

"Mdogo wangu! Achana na huyo mwanamke, nifungulie! Wewe si damu yangu?"

Wifi akaweka kikombe chini, akasogea mpaka mlangoni.

"Kidole gani nikufungulie nacho, kaka?" akamuuliza. "Si umekifuta leo hii?"

Akarudi zake kwenye chai.

Ndugu zangu mnaosoma, mtu akikutuma umfute mwenzako, usikimbilie kutii kwa sababu ni ndugu yako. Muulize kwanza, jina lako wewe anakusudia kulifuta lini.