Harusi Mbili kwa Hema Moja

Soko la Kibuye Jumapili halipitiki. Hapo ndipo Benta, ndani ya gauni lake la manjano la kanisani, aliposhika mkoba mwekundu wa mtumba, na mkono wa mwanamume ukaushika upande wa pili.

"Tumeipenda simultaneously, wakati mmoja, jaber, mrembo wee," akasema mwanamume, akitabasamu.

"Kizungu hiyo yote kwa mkoba?" Benta akacheka. "Wacha, ni yangu."

Lo! Mwanamume akauacha mkoba, akaondoka na moyo wa Benta. Jina lake Joram, fundi wa simu mjini.

Miaka ikapita, mapenzi motomoto, posa hakuna. Kisa ni Gordon, kaka yake Joram, ambaye hakuwa ameoa, na kwao mdogo hampiti mkubwa kuoa.

"Vumilia, mpenzi," Joram alizoea kumwambia kwa simu. "Gordon akipata mtu, tutaoa simultaneously. Hema moja, ng'ombe mmoja, na mama anafurahi."

Mwanzoni Benta aliiota harusi hiyo. Sasa akilisikia hilo neno simultaneously alihisi amefungiwa chumbani, na ufunguo ameondoka nao mtu mwingine. Huko kwao Kisian babake alikuwa amechoka kungoja. Mtu fulani wa Sondu alitaka kuleta wazee wa posa, na babake alitaka jibu Jumamosi. Amkatae, angoje mpaka lini? Amkubali, na moyo uko kwa Joram?

Akajifunga leso kiunoni, akaenda mtaa wa Obunga, akamkuta Gordon akichomelea mlango wa chuma.

"Shemeji, nakuomba, oa."

Gordon akavua miwani. "Mimi sioi, mama. Nilimwambia Joram mwaka juzi, mbele ya mama yetu: pita tu, nimekubali. Hakukuambia?"

Benta akampigia Joram simu hapo hapo.

"Joram, Gordon alikupa ruhusa?"

"Kwani uko wapi saa hii?" Joram akauliza.

"Joram!"

"Benta... niliogopa. Ndoa ni kitu kubwa. Nilitaka kwanza nijipange."

"Na mimi ukanifungia hivi, ukisema ni mila?"

"Pole, jaber. Kesho nakuja kwenu na wazee. Haki ya Mungu."

Ndiyo maneno aliyoyangoja siku zote hizo. Na bado alimpenda, alimpenda mpaka kifua kikamuuma.

"Usije. Miaka yote umenidanganya, sikuamini tena."

"Ni huyo mtu wa Sondu, sivyo?"

"Na yeye nitamwambia asije."

Akakata simu, akalia pale pale mbele ya Gordon, kwa sauti, bila kujali nani anatazama.