Chuma Kilichopungua

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa simu ambayo rafiki yangu alipigiwa na mkewe. "Rudi mapema leo, baba," alimwambia. "Hiyo mashine si mke mwenzangu, haitanuna ukiiacha."

Rafiki yangu ni mkereza vyuma, huvichonga vikizunguka kwenye mashine. Alinisimulia haya alipokuja kunipa pole kwa msiba wa mke wangu. Siku ya simu ile mke wake alikuwa mgonjwa kitandani. Alizidi kukonda, na madaktari hawakujua kwa nini.

Baada ya simu umeme ulikatika. Karakana ikawa giza, mashine ikazunguka kinyonge hadi ikasimama. Lakini sauti ya kisu cha mashine kukwangua chuma iliendelea. Akakigusa chuma cha mviringo alichokuwa akikichonga. Kilikuwa kimetulia, ila cha moto. Akakipima kwa mwanga wa simu: kimepungua. Akarudisha kisu nyuma kabisa, akapima tena. Kimepungua zaidi. Akakifungua kutoka kwenye mashine, akakizungushia kitambaa, akakikumbatia. Sauti ikatokea ndani ya kitambaa.

Asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa bado usingizini, alibana kalipa, kipimo cha unene chenye taya mbili, kwenye kile chuma, akaikaza isisogee. Kisha akaivisha polepole kwenye kifundo cha mkono wa mkewe. Iliingia sawasawa, haikubana wala haikulegea.