Kigingi cha Uani kwa Damas

Stenlesi haishiki kutu. Ndiyo maana mfanyabiashara wa asali kutoka Sikonge alimletea Damas mabati ya stenlesi amtengenezee tangi, na ndiyo maana Damas alisimama uani asubuhi ile, hata uso hajanawa, akilitazama tangi alilolichomelea jana yake. Mshono wote ulikuwa na kutu. Ilikuwa nyekundu, mbichi, na ilidondoka.

"Mama Dionis," alimwita mkewe. "Umegusa brashi yangu?"

Rustika alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ipi?"

"Ile ya stenlesi. Ukiisugulia chuma cha kawaida halafu ukairudisha kwenye stenlesi, inaacha kutu."

"Mimi sufuria nasugua kwa mchanga, baba. Brashi yako ibaki nayo." Alisogea karibu, akanusa. "Mbona linanuka jasho? Au mteja wako kauziwa bandia?"

Damas hakucheka. Kiwanja chao hapo Isevya walikinunua kwa mtu aliyewapa sharti moja: kigingi cha chuma kilichochomoza katikati ya ua wasiking'oe kamwe. Kiliachwa na watu wa misafara, alisema, wale waliopita Tabora na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Kuna kitu kilipigiliwa pale. Kitu gani, hakusema. Damas na Rustika ni Wakatoliki, lakini waliheshimu. Walikizungushia mawe, wakakiacha.

Ila jana springi ya klampu ya ethi, kile kibanio cha waya wa pili wa mashine, ilikatika. Waya wa ethi usiposhika chuma, umeme haupati njia ya kurudi kwenye mashine, na kijiti cha kuchomelea hakiwaki. Damas aliona uvivu kwenda mjini kununua klampu nyingine. Aliuzungushia waya kwenye kigingi, akaliegemeza tangi hapohapo, na moto ukawaka vizuri kuliko siku zote. Hakuking'oa. Alikitumia tu.

Aliikwangua kutu, waya ukiwa bado kwenye kigingi, akavaa kofia ya kuchomelea. Kioo chake ni cheusi. Kabla moto haujawaka, fundi haoni chochote hata jua likiwa utosini. Aligusisha kijiti. Mwanga ukalipuka, na ndani ya mwanga ule, nyuma ya tangi, aliona miguu ya watu. Ilikuwa na vumbi hadi magotini, na ilipita taratibu, mmoja nyuma ya mwingine, na mnyororo ulilia.

Alifunua kofia. Uani palikuwa na kuku wawili na kamba ya nguo.

"Umeona nini?" aliuliza Rustika.

"Hebu vaa wewe. Mimi nitafumba macho."

Rustika alivaa kofia huku akimtania kwamba sasa fundi anamwajiri mke bila mshahara. Damas alifumba macho, akawasha. Utani ukakatika. Alimsikia mkewe akihema, kisha akinong'ona, "Baba Dionis, wamefungwa shingo. Wa mwisho hayupo. Pete yake ya shingo iko wazi. Kuna mrefu mwenye mjeledi. Hana macho, lakini amegeuka. Ananiangalia mimi."

"Zima," akasema Rustika. "Zima, nakuomba."

Damas alizima mashine, akachomoa waya wa umeme ukutani. Mashine iliendelea kunguruma.

Rustika alivua kofia. Shingoni mwake palikuwa na mstari wa kutu, na alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, kavu, kama ya mtu aliyetembea miezi bila maji.

"Fundi. Umenipa moto. Sasa funga shingo iliyopungua kwenye mnyororo wangu."

Damas alirudi nyuma. Rustika, ambaye hata ndoo ya maji huomba asaidiwe kunyanyua, alimkamata kwa ukosi, akamgonga kichwa kwenye tangi, akamgonga tena, hadi damu ikamwingia machoni na meno mawili yakaanguka mchangani. Kisha akauchukua mkono wake wa kushoto, akaubandika kiganja kwenye mshono uliokuwa bado mwekundu, akaushikilia pale, na harufu ya nyama yake mwenyewe ikamfikia Damas kabla hajayasikia mayowe yake.

"Funga," sauti ilisema.

Rustika akaketi, mgongo kwenye kigingi, akaokota kipande cha bomba la stenlesi kilichopasuliwa, akajivisha shingoni. Machozi yalimtoka huku midomo ikitabasamu, na Damas akajua kwamba aliye ndani, mama wa mtoto wake, anaona yote. Mkono wake wa kulia ulijiinua wenyewe, ukachukua kijiti, ukakipeleka pale ncha za pete zinapokutana, chini ya sikio la mkewe, na cheche za kwanza zikamwangukia ngozi, ikababuka na kutoa moshi.

Mayowe hayo ndiyo yaliyomleta jirani yao Twalibu, ustadhi anayewasomea watu wenye majini. Aliruka ukuta huku akisoma Ayatul Kursiyyu. Hakufika mbali. Kitu kisichoonekana kilimpiga tumboni, kikamnyanyua na kumbamiza ukutani, na mfupa wa mkono wake ukalia kama ukuni unaovunjika.

"Fundi," aliita kwa shida, "mimi simwoni. Yuko wapi?"

Mkono mmoja wa Damas ulikuwa umeungua na mwingine haukuwa wake, kwa hiyo alitumia mdomo. Aliung'ata mkanda wa kofia, akaitupia kichwani, na kwa mwanga wa kijiti kile kile kilichokuwa kikimchoma mkewe akamwona yule mrefu amesimama juu ya Rustika, uso laini kama bati jipya, mguu wake mmoja umepigiliwa kwa kigingi hadi ardhini, na Damas, ambaye shule hakuimaliza lakini hili alilijua, akaelewa kwamba kila kinachogusa chuma chenye ethi kinaweza kuwaka, hata huyu.

"Soma, ustadhi. Usinyamaze."

Twalibu alisoma. Kwa pumzi moja mkono wa Damas ukarudi kuwa wake, na alikisukuma kijiti chote katika kifua cha yule kiumbe. Kikashika. Kiliwaka kama kinavyowaka kwenye chuma, na jini likalia kwa sauti ya watu wengi, likapasuka, likayeyuka, likatiririka jekundu kwenye kigingi na kuzama ardhini. Twalibu alitambaa, akaung'oa waya wa ethi kwenye kigingi kwa mkono wake uliobaki mzima.

Mashine ikanyamaza. Ile pete ilikatwa kwa msumeno. Rustika alipona, akabaki na kovu chini ya sikio. Kigingi walikifunika kwa zege.

Kiganja kilipopona, Damas alinunua klampu mpya. Tangi alilimalizia barazani, mbali na ua, na mshono ulibaki unang'aa. Siku ya mwisho ya kazi hiyo Rustika alimletea uji, akasimama mbele yake akisubiri kikombe. Damas alishusha kofia, akawasha kijiti, akainua macho kidogo.

Kwenye kioo cheusi mkewe alikuwa na pete shingoni. Haikuwa na mshono. Mnyororo ulitoka hapo, ukapita njiani kuelekea mashariki, kule misafara ilikokwenda, na ulikuwa unakazwa taratibu.

"Unaona nini?" aliuliza Rustika.

"Sioni kitu," alisema Damas, na hakuthubutu kukizima kijiti, kwa kuwa bila mwanga wake asingeuona tena mnyororo.

Rustika akajishika shingo, akapiga hatua moja kuelekea barabarani, kama mtu aliyeitwa.