Alama Nne Kwenye Kadi ya Bibi

Kila siku ikifika saa kumi na mbili jioni, Karani alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Alitoa kidonge kimoja kidogo kwenye chupa iliyokaa juu ya kabati, akajaza glasi maji, akaenda chumba cha mbele ambako bibi yake alikuwa akishona. Bibi alikimeza bila hata kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Kisha Karani alichukua kadi ya kliniki na kalamu, akaweka alama ya vema kwenye tarehe ya siku hiyo. Ni kwa sababu ya kadi hiyo Bibi alimpa jina la Karani, na jina likamfuata mpaka shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Dawa yenyewe haikuwa ya mzaha. Mwaka uliotangulia mguu wa kushoto wa Bibi ulivimba, halafu siku moja pumzi zikambana akakimbizwa hospitali. Huko waligundua kwamba damu imeganda mguuni na kipande cha donge hilo kimesafiri mpaka kwenye pafu. Alipona, lakini alirudi nyumbani na dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na masharti yake. Ameze kila siku saa ile ile. Apimwe damu kila anapoitwa kliniki. Mboga za majani ale kwa kiasi kile kile alichozoea, asizidishe wala asipunguze ghafla, na asinunue dawa ya maumivu dukani bila kuuliza. Damu ikiganda upesi mno, donge linaweza kurudi. Ikiwa nyepesi mno, hata jeraha dogo linaweza kuleta balaa.

Bibi aliyachukua masharti hayo kwa utani wake wa kawaida. "Mke mwenzangu," alimwambia Karani, "ukinisahaulia dawa nitajua unamtaka mzee peke yako." Mzee mwenyewe alikuwa amefariki kabla Karani hajazaliwa, lakini Bibi hakuacha kumgombania.

Mambo yalianza kwenda kombo Karani alipochaguliwa kwenye timu ya netiboli ya shule. Mazoezi yaliisha saa kumi na moja, na mama yake, aliyefanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha mikate, alikuwa ameruhusu kwa sharti moja tu: mazoezi yakiisha, njia iwe moja, ya nyumbani. Wasichana wengine walibaki uwanjani kurushiana mpira na kupiga soga, na soga ya baada ya mazoezi ina utamu wake. Siku ya kwanza Karani alisema atabaki dakika kumi. Alipoingia nyumbani ilikuwa saa moja, na jasho limemlowanisha.

Kulikuwa na oda kubwa ya sare za shule. Bibi alizungukwa na sare, mashati meupe upande huu na sketi upande ule, midomo imebana pini. Hakuuliza mtoto alikuwa wapi. Alitoa pini mdomoni, akauliza kama yeye mwenyewe alikuwa ameshakunywa dawa, maana kichwa chake kilikuwa kimejaa vifungo na mapindo hata hakumbuki.

Angesema hapana, Bibi angeangalia saa. Akiangalia saa angeuliza swali la pili, na jibu lake lingefika kiwandani kwa mama.

"Umeshakunywa, bibi," alisema Karani.

Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia. Akachukua kadi, akaweka vema. Kisha, ili hesabu ya vidonge isije ikamuumbua, akatoa kimoja kwenye chupa na kukificha katika mkebe wake wa hesabu, chini ya bikari. Alijiambia kidonge kimoja hakiwezi kumwangusha mtu. Wiki iliyofuata kikaingia cha pili. Wiki ya tatu vikaingia viwili kwa mpigo, cha Alhamisi na cha Ijumaa, kwa sababu timu ilikuwa na mechi na kila mtu alikuwa akizungumzia mechi. Jumamosi ilikuwa siku ya kliniki.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke mrefu aliyeongea polepole. Alimchoma Bibi kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine, wakasubiri. Namba ilipotokea, akakunja uso.

"Moja na nukta nne," alisema. "Bibi, tunataka iwe kati ya mbili na tatu. Hivi damu yako inaweza kuganda tena. Kuna siku hukumeza dawa?"

"Muulize bosi wangu," alisema Bibi, akimwonyesha Karani kwa kidevu.

Muuguzi akaifungua kadi. Vema zilikuwa zimejipanga, tarehe kwa tarehe, bila pengo. Akahesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ikakubali. Akauliza kuhusu mchicha na kabichi, Bibi akasema anakula kama kawaida. Akauliza kuhusu dawa za miti shamba na dawa nyingine za hospitali, Bibi akasema hajagusa. Muuguzi akaenda kuzungumza na daktari chumba cha pili. Karani alibaki ameketi juu ya viganja vyake. Alikuwa na dakika tano nzima za kusema, na alizitumia zote kuangalia viatu vyake.

Muuguzi aliporudi, dozi ilikuwa imepandishwa: siku nne za wiki kidonge kimoja, siku tatu kidonge kimoja na nusu, kisha arudi baada ya siku kumi. Akamkabidhi Karani kadi. Akasema wagonjwa wake wote wangekuwa na karani wa namna hii, yeye angelala usingizi mnono. Bibi akacheka kwa majivuno, akampapasa mjukuu wake mgongoni. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia nzima ya kurudi nyumbani mkono ule wa Bibi ulikuwa kama bado upo mgongoni, na haukumwacha.

Tangu siku hiyo alijirekebisha, kwa namna aliyoijua yeye. Mazoezi yakiisha alikimbia nyumbani bila kuaga mtu. Saa kumi na mbili kamili kidonge kilikuwa mkononi mwa Bibi, na siku za nusu aliikata nusu hiyo kwa uangalifu mkubwa. Alidhani akifanya hivyo kwa muda wa kutosha kosa litafutika lenyewe na hakuna atakayejua. Maskini, hakuelewa kwamba dozi ile ilipandishwa kwa sababu ya vidonge alivyovificha. Sasa Bibi alikuwa anameza kila kidonge, na juu yake nyongeza asiyoihitaji.

Bibi naye alikuwa na siri yake. Ile moja na nukta nne ilimkera. Akaamua kimoyomoyo kwamba mchicha ndio unaopigana na dawa, na akaacha kabisa kula mboga za majani. Chakula kikipakuliwa, alihamishia mboga kwenye sahani ya Karani na kusema mtoto wa netiboli anahitaji nguvu. Karani alikula na hakuuliza.

Siku ya tisa Karani alirudi kutoka shuleni akakuta cherehani kimya. Bibi alikuwa ameketi na kidole kimezungushiwa kipande cha kitambaa, na kitambaa kilikuwa chekundu. Mbele yake palikuwa na shati jeupe la mtu lenye matone matatu ya damu kwenye kola.

"Sindano tu," alisema Bibi. "Imenichoma saa nane."

Karani aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja unusu. Halafu akaona doa la zambarau kwenye mkono wa Bibi, kubwa kuliko kiganja, pale alipojigonga kwenye kona ya meza siku mbili kabla. Akamuuliza, na Bibi, bila utani wowote, akakiri kwamba asubuhi alipopiga mswaki fizi zilitoka damu, na jana pia.

"Ni makosa yangu," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa chini. "Niliacha mboga, nesi alisema nisibadilishe, nikajifanya najua. Sijui nitamwangalia vipi usoni. Wewe mtoto unafanya kazi yako sawasawa, mimi mtu mzima nakutia aibu."

Aibu aliyokuwa ameibeba kwa siku tisa ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu sasa ilikuwa imepata mtu mwingine wa kuibeba badala yake, na mtu huyo ni bibi yake. Alifungua begi, akatoa mkebe, akaviweka vidonge vinne mezani, kati ya mkasi na chaki.

"Siyo wewe, bibi. Ni mimi," alisema. "Hukunywa hivi. Nilikudanganya."

Akaeleza yote, uwanja, soga, vema, kimya chake kule kliniki. Alilia, lakini hakuacha kueleza. Karani alisubiri agombwe, na alitaka agombwe, lakini Bibi alisema maneno machache tu.

"Vaa viatu. Haya utayasema kwa nesi kwa mdomo wako."

Kliniki ilikuwa inakaribia kufungwa. Muuguzi alipoona kile kidole hakuuliza mengi, alipima kwanza. Tano na nukta sita: damu ilikuwa nyepesi mno. Daktari akaitwa, akamkagua Bibi macho, tumbo na lile doa, akauliza kama kichwa kinauma au kama amepata choo cheusi. Bibi alisema hapana. Wakampa dawa ya kuishusha ile namba, wakamfunga kidole kwa kukibana, wakamwambia asimeze kidonge chake kwa siku mbili, arudi kupimwa, na kama ataanguka, ataumwa sana kichwa au atatokwa damu isiyokatika, aje saa hiyo hiyo bila kusubiri miadi.

Hapo ndipo Karani akasimama mbele ya muuguzi yule yule aliyemsifu, akasema. Ilimchukua muda, maana kila neno lilitaka kurudi ndani. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilipandisha dozi kwa kusoma alama zako," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile niliwauliza nyote wawili. Ungesema vidonge vinne havikumezwa, ningejua namba imeshuka kwa nini, na dozi nisingeigusa. Ulikuwa na nafasi. Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona aibu. Halafu ukanisifu."

Muuguzi akamgeukia Bibi, akamweleza kwamba mchicha hauna ugomvi na mtu, tatizo ni kuula leo mwingi na kesho kuuacha, kwa sababu dozi inapimwa kulingana na chakula alichozoea. Bibi na mjukuu wake waliinamisha vichwa pamoja, kama wanafunzi wawili waliokutwa nje ya darasa. Akawafundisha tena kuhusu kidonge kilichosahaulika: ukikumbuka siku ile ile, meza, ukikumbuka kesho yake, kiache, usimeze viwili kwa pamoja, na uandike kwenye kadi.

Mama yake Karani aliporudi kutoka kiwandani na kusikia habari hizo, hakupandisha sauti. Aliketi, akaishika kadi, akaitazama ukurasa kwa ukurasa, kisha akairudisha mezani. Karani alisema labda ni afadhali mama aichukue kazi ile. Mama alikuwa karibu kukubali, lakini Bibi akakataa. Alisema mtoto akiiacha kazi leo atakuwa amekimbia, na yeye hataki kuishi na mkimbizi nyumba moja. Sharti lake lilikuwa moja: zile vema nne zikatwe kwa wino, na pembeni iandikwe ukweli. Karani alizikata moja moja, na Bibi amesimama nyuma yake.

Damu ya Bibi ilishuka taratibu mpaka ikakaa pazuri. Dozi ikarudi ile ya zamani, mboga zikarudi sahanini, na Karani alicheza netiboli na kuondoka mazoezi yakiisha. Hata hivyo haikupita miezi miwili akakosea tena. Siku hiyo alirudi na homa, akalala na sare yake, na Bibi alikuwa amebanwa na nguo za watu. Asubuhi Karani alifungua kadi akakuta tarehe ya jana iko wazi. Ingekuwa rahisi sana kuweka vema. Alimwendea Bibi akamwambia, hawakuongeza kidonge, na kwenye kile kisanduku akachora duara na kuandika: "Sikumpa. Nililala."

Siku ya kliniki kimashine kilionyesha mbili na nukta tatu. Muuguzi akanyoosha mkono kuomba kadi. Karani alimpa, lakini kidole gumba chake kilibaki juu ya lile duara, na uso wake ulikuwa wa moto. Muuguzi akakiondoa kile kidole polepole, akasoma.

"Hii unaionea aibu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Usiifiche. Kosa nikilijua naweza kulirekebisha. Nisilolijua ndilo linaloweza kumuua bibi yako, na mkono uliotia saini ya dozi utakuwa wangu." Akagonga duara kwa kalamu. "Tangu siku ile nilikuwa naitazama kila vema yako kwa mashaka. Leo, kwa sababu ya duara hili moja, naziamini zote."

Akaandika dozi ile ile na tarehe ya kurudi. Kisha akampa Karani kadi yake.