Redio Isiyo na Betri

Redio ya kijiji ilianza kunuka tope Jumatatu mchana, na nje hakukuwa na tone la mvua.

Kornel, katibu wa kijiji cha ujamaa, ndiye aliyeichagua kule Majengo. Kijiji kilitaka redio ya kupokea taarifa za hatari, za mafuriko na kipindupindu. Mwenye duka, Ambwene, alimwonyesha mbili.

"Chukua hii ndogo, Ndugu Katibu. Inabebeka, inakula betri mbili tu. Hiyo kubwa mwenyewe alikufa maji Muze, ameikumbatia."

Kornel akacheka, akachukua kubwa. Alitaka sauti ya kutingisha uwanja mzima, mpenda sifa yule!

Sasa betri zote nne zilikuwa juu ya bati, zimeanikwa juani zipate nguvu, na redio tupu ikakoroma mezani.

"Muze... maji yanateremka Alhamisi... pandisheni watu..."

Mkewe Silvana, mama Suma, alikuwa huko Muze, bondeni, anamuuguza mama yake. Ni mwendo wa nusu siku tu, angeweza kumfuata. Lakini juzi mkutanoni aliwakaripia wazee kwa kuamini majini. Leo aseme katumwa na redio isiyo na betri? Akaona haya, akamwita mganga Ignasi kwa mlango wa nyuma.

"Anasema nini huyu?" Ignasi akanong'ona.

"Upuuzi. Mtoe tu."

Siku mbili mganga aliifukiza kwa majani machungu, na kadiri moshi ulivyozidi ndivyo sauti ilivyozidi kusihi, ikimtaja Silvana kwa jina, ikikohoa kama mtu aliyemeza maji, ikirudia Alhamisi, Alhamisi, na Kornel kaziba masikio kwa viganja huku tope likinuka mpaka kwenye ugali wake, hadi Jumatano jioni iliponyamaza.

Alhamisi maji yaliteremka. Silvana walimfukua kwenye matope, mama yake bado yuko mgongoni.

Makaburini, mzee Wilibrodi alimshika bega. "Pole, mwanangu. Na ile redio yetu haikusema lolote?"

"Haikusema, mzee."

Alirudi nyumbani akiichukia nafsi yake. Akazitoa betri alizokuwa amezirudisha, akaipigia redio magoti, akaomba. Kimya. Kisha tope likanuka, na sauti ya Silvana ikamjia taratibu:

"Baba Suma, safari hii utasikia?"