Dafu la Kitambaa Chekundu

Dafu moja, hata liwe kubwa namna gani, halijazi jagi. Veneranda alilijua hilo, maana ndiye aliyelitundika kwa mkono wake kwenye stendi ya dripu asubuhi. Sasa ni alasiri, matone bado yanashuka kwenye mkono wa mumewe, na dafu akilitikisa limejaa vilevile.

"Nimechoka tu," alijiambia. Haya, tuseme amechoka.

Mumewe, Zabron, ni dereva wa lori la magogo. Aliletwa kwenye zahanati ambako mkewe ni nesi, katikati ya Nyololo na Mgololo, anaharisha na kutapika, macho yamezama, hata tone la maji halikai tumboni. Dripu zilikuwa zimeisha zote. Mvua imebomoa daraja upande mmoja, na upande wa pili kilima kimeporomokea barabara. Hakuna kutoka, hakuna kuingia.

Gari la abiria lililotoka Mgololo lilikwama hapohapo. Abiria mmoja, Bi Mwanakhamisi, mwenyeji wa Tanga, akapewa chumba cha pili ajisitiri, yeye na kikapu cha madafu yaliyobaki kwenye shughuli ya dada yake mgonjwa.

Chuoni Veneranda aliwahi kusikia kwamba zamani vitani, watu walipokosa kila kitu, waliwahi kumtia majeruhi maji ya dafu mshipani. Akaenda kuomba.

"Chukua, mwanangu, chukua yote," bibi alisema. "Ila hili la kitambaa chekundu usiliguse. Lina mwenyewe."

Kumbe yale mengine yote yameingia nyufa kwa mashimo ya barabara, na dafu lenye ufa ukimtia mtu mshipani unamuua. Zima lilikuwa moja tu. Veneranda akangoja bibi atoke kutawadha. Mwenyewe gani huyo asiyeweza kununua jingine? Mtu wa milimani ana habari gani na vifungo vya watu wa pwani! Akakifungua kitambaa, akakitia mfukoni, akalisafisha dafu kwa spiriti na kulichoma mpira.

Uhai ukaanza kumrudia Zabron. Midomo ililowa, mkojo ukatoka, na Veneranda alilia kwa furaha.

Kisha ikaja harufu. Zahanati ile siku zote inanuka matope na dawa ya kudekia, lakini sasa ilinuka waridi, na chini ya waridi chumvi ya bahari. Zabron akafumbua macho. Huyu Mbena, tangu waoane, akiamka neno lake la kwanza ni salamu ya kwao, "Kamwene."

"Masalkheri, sista," alisema, kwa sauti laini ya kizee.

Zabron hajawahi kuiona bahari.

"Nani kakifungua?" Bi Mwanakhamisi alikuwa mlangoni, ananong'ona. "Mwanangu, umefanya nini? Huyo ni jini wa dada yangu. Tumemtoa kwa tabu, tukamfunga humo, nilikuwa namrudisha baharini!"

"Mtoe, bibi. Nakuomba."

"Nikitoka," sauti ilisema kitandani kwa upole, "natoka na maji yangu."

Veneranda akaufunga mpira ahakikishe, na palepale macho ya Zabron yakaanza kuzama, mashavu yakaingia ndani, ngozi ya mkono ikajikunja na kubaki imejikunja, pumzi ikawa inakwaruza kooni, na yeye huku vidole vinateleza kwa jasho anahangaika kuufungua tena, anamwita Mungu, anamwita mumewe, baba Gloria, mpaka matone yaliposhuka na uso wa mumewe ukajaa, nao uso huo ukamtabasamia tabasamu ambalo halikuwa lake. Mlango ulikuwa wazi. Angekimbilia wapi, na mumewe yuko pale?

"Miye sina haja na roho yake," sauti ilisema. "Nataka mshipa. Wa huyu umechoka. Wako mzima. Nipishe huko, maji ninamwachia."

"Usimwamini!" bibi alinong'ona, anamshika kanga. "Jini hana ahadi!"

"Bibi, huyu ni baba wa mwanangu."

"Na wewe ni mama yake!"

 Veneranda alipanda kitanda cha pili, akabadilisha sindano na kukunja mkono wa sweta. Yalipoingia, maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Walipofika kwa miguu watu wa wilaya na maboksi ya dripu, walimkuta Zabron amekaa anakunywa uji, na Bi Mwanakhamisi pembeni yake anasoma dua, sauti imemkauka. Nesi amelala, juu yake dafu linatonesha.

"Sista, hii kazi gani?" daktari wao aliuliza, akanyoosha mkono kwenye sindano.

Chomoa, Veneranda alipiga kelele ndani kwa ndani, chomoa upesi, baba. Mkono wake mwenyewe ukainuka, ukamkamata daktari kifundo, ukakibana mpaka akaguta.

Zabron akaweka kikombe chini. Alimjia mkewe kwa miguu isiyo na nguvu, akamwinamia, machozi yanamtoka.

"Kamwene, mama Gloria."

Neno jepesi. Amelijibu tangu utotoni, kila siku ya Mungu. Alilisukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, likafika mpaka kwenye meno.

"Masalkheri, bwana wangu," mdomo wake ukajibu.