Mkalimani wa Kemuma

Maiti ya nyapara Nyang'au ililala kifudifudi kati ya mistari miwili ya chai, kisogo kimepasuka. Kando yake aliketi mwanamke, kikapu cha majani mabichi bado kiko mgongoni, kiganja chake kimetulia juu ya bega la marehemu.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, mwezi wa Agosti 1968, katika shamba la chai la Kaptolil, nusu saa kwa Land Rover kutoka mjini Kericho.

"Rudini nyuma! Msikanyage hapa!" Konstebo Nyamwange aliwafokea wachumaji waliokuwa wamesongamana.

Inspekta Kipchirchir alichuchumaa. Damu ilikuwa haijakauka. Mtu huyu hakuwa amekufa zaidi ya saa moja. Akamgeukia yule mwanamke.

"Mama, umeona nini?"

Mwanamke alimtazama midomo, asijibu.

"Hasikii huyo, afande," alisema Jerusa, mchumaji mzee wa mstari wa pili. "Wala hasemi. Anaitwa Kemuma. Surua ilimtoa masikio akiwa mdogo. Mimi ndiye nilimkuta hapo, ameketi vile unamwona."

Hapo mikono ya Kemuma ikaanza kwenda. Alishika ncha ya sikio lake la kulia. Akapiga ngumi kwenye kiganja. Akagusa kifua chake, kisha bega la maiti. Mwisho akafunua viganja vyote viwili kuelekea juu, akamkazia inspekta macho. Akarudia tena. Na tena, kwa haraka zaidi.

Kipchirchir alikuwa amehoji watu kwa miaka kumi na minne, walevi, wezi wa ng'ombe, waongo wa kila namna. Sasa shahidi wake alikuwa akimweleza kila kitu, na yeye hakuambulia hata neno moja.

"Wewe ni Mkisii mwenzake," alimwambia Nyamwange. "Anasema nini?"

"Afande, hiyo si Kikisii. Hiyo ni yake tu."

"Kuna mtu anaielewa?"

"Kaka yake," alisema Jerusa. "Orina. Yuko kiwandani, anachochea moto wa boila. Ndiye anamsemea kila mahali, hata kanisani."

Orina aliletwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mpana wa mabega, masizi hadi kwenye nyusi. Alipoiona maiti alisimama ghafla. Kemuma aliruka akamkimbilia, mikono ikienda kasi kupita macho ya inspekta. Sikio. Ngumi. Kifua. Viganja juu.

Orina alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Hakumjibu kwa mikono.

"Anasema nini?" aliuliza Kipchirchir.

"Anasema... amemwona aliyempiga, afande."

"Nani?"

"Mtu wa masikio. Mzee mwenye masikio ya kutogwa, yale marefu. Yule anachunga ng'ombe huko ng'ambo."

Minong'ono ikapita kati ya wachumaji. Kila mtu alimjua Mzee Arap Korir. Wiki iliyopita Nyang'au alimkamatia mtamba wake aliyeingia kwenye chai, na wawili hao wakatukanana mbele ya watu wote.

"Ni huyo tu!" alipaza sauti mwanamume mmoja. "Lakini atafungwa kweli, na inspekta ni Mkipsigis mwenzake?"

Kipchirchir alilisikia hilo vizuri. Hakugeuka.

*

Mzee Arap Korir hakukimbia. Walimkuta akikamua. Alisimama, akawapa rungu lake hata kabla hawajaliomba.

"Nilimtukana, ndiyo," alisema kwa lafudhi nzito ya Kikipsigis. "Lakini kumpika mtu kwa sapapu ya mtampa? Mimi si mwenta wasimu."

"Ulikuwa wapi saa tatu hadi saa nne?"

"Na ng'ompe."

"Nani alikuona?"

"Ng'ompe."

Akatiwa pingu. Kipchirchir aliandika maelezo yake huku moyo wake haukubali, kisha akajiuliza kama moyo wake ulikataa kwa haki au kwa sababu mzee huyu aliongea lugha ya mama yake. Hilo lilimsumbua kuliko kesi yenyewe.

Kesho yake daktari wa serikali alimaliza uchunguzi wa maiti.

"Pigo moja, kutoka nyuma," alisema. "Kitu kizito, butu. Na tazama hii. Nilitoa kwenye nywele."

Ndani ya bahasha mlikuwa na vipande vyembamba vya gome, vya kijivu, vikinuka dawa ya kifua.

"Mkaratusi," alisema Kipchirchir.

"Bila shaka."

Rungu la mzee lilikuwa la mti mgumu, limelainishwa na kiganja chake kwa miaka mingi. Halikuwa na gome hata chembe.

Kulikuwa pia na daftari dogo lililotolewa mfukoni mwa marehemu. Kurasa za nyuma zilijaa michoro ya penseli: mkono ukigusa kidevu, vidole viwili vilivyoshikamana, ngumi yenye pembe mbili, mkono ukishika sikio. Hakukuwa na maneno. Inspekta alizigeuza kurasa hizo juu na chini. Alifikiria chama cha siri, kisha wezi, halafu akalifunga daftari kwa hasira. Kila ushahidi katika kesi hii ulikuwa mkono, na hakuna mkono uliomwambia kitu.

*

Mchana huo aliamua kumleta mzee mbele ya shahidi, katika ofisi ya shamba. Nje wachumaji walikuwa wameweka vikapu chini. Walisema hawachumi mpaka mzee ashtakiwe.

Mzee aliingia na pingu zake, Kemuma na Orina wakiwa ndani tayari. Kipchirchir alimwangalia Kemuma tu. Alitarajia woga, au ghadhabu.

Kemuma alikunja uso kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alimsogelea mzee, akagusa pingu, akatikisa kichwa. Kisha akashika sikio lake na kunyoosha mkono wote kuelekea kwa kaka yake. Viganja juu.

"Anasema nini?"

"Anasema ndiye huyo, afande," alijibu Orina. "Anasema anamwogopa."

"Mbona amemsogelea?"

"Ni hasira."

"Umesema woga."

"Woga na hasira, afande. Yote."

"Na kwa nini anakuonyesha wewe?"

Orina alipangusa jasho. "Ananiambia nikueleze wewe. Anajua mimi ndiye mdomo wake."

Kemuma alimtazama kaka yake akizungumza, akatazama midomo yake mpaka ikafunga. Kisha akamgeukia inspekta na kutikisa kichwa kukubali, taratibu, kama anayesema: sasa umeambiwa.

Kipchirchir alitoka nje kichwa kikimzunguka. Shahidi alikataa kwa kichwa, mkalimani akakubali kwa mdomo, kisha shahidi akaafiki. Amwamini nani? Mzee alikuwa na chuki ya wazi na hakuwa na wa kumtetea. Faili lingetosha kwenda mahakamani. Angelipeleka hivyo hivyo, nusu ya wilaya ingempongeza kwa kutopendelea mtu wake.

Alikuwa ameegemea Land Rover, akitafakari hayo, alipomwona Kemuma akienda langoni kwa muuza maziwa.

Muuzaji alikuwa mama wa Kikipsigis, na vibuyu vyake vimepangwa nyasini. Kemuma aligusa kidevu. Mama akatikisa kichwa, akanyoosha vidole viwili, akazungusha mkono juu ya bega. Kemuma akajibu. Mama akamshika shavu, na wote wawili wakatokwa na machozi.

Inspekta alisimama wima. Mkono ukigusa kidevu! Ulikuwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Chamgei, mama," alimsalimu, kisha wakaongea Kikipsigis. "Unaitwa nani?"

"Chepkirui, mwanangu."

"Unamwelewaje huyu?"

"Mimi sijui Kikisii, na Kiswahili changu ni cha kuuzia tu. Yeye hana lugha ya mdomo. Miaka sita ananunua maziwa kwangu. Tungefanyaje? Tulijifunza."

Kipchirchir alifungua daftari. "Hii?"

"Maziwa."

"Hii, vidole viwili vimeshikana?"

"Kuoana. Nani alichora? Ah, ni Nyang'au. Alikuwa anakuja hapa kuniuliza, jioni za Jumamosi. Alitaka kujua kuongea naye. Hakutaka apitie kwa kaka mtu kila mara."

"Na hii ngumi yenye pembe?"

"Ng'ombe. Alikuwa apeleke ng'ombe wa mahari."

Inspekta alishusha sauti. "Na hii? Kushika sikio?"

Chepkirui alishangaa kwamba mtu mzima anauliza. "Huyo ni Orina. Ndilo jina analomwitia. Ndiye anayemsikilizia."

Kipchirchir aliegemea lango. Siku mbili Kemuma alikuwa akimtaja muuaji kwa jina, na muuaji ndiye aliyekuwa akitafsiri.

*

Kiwandani msimamizi wa boila hakuficha kitu. "Orina? Asubuhi ile alitoka saa tatu na nusu kuleta kuni. Kuni zetu zimepangwa kule juu, karibu na chai."

"Kuni za mti gani?"

"Mkaratusi. Hapa hatuchomi kitu kingine."

Orina aliitwa tena ofisini. Safari hii Chepkirui alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya Kemuma, naye Nyamwange amesimama mlangoni.

"Orina, dada yako anakuitaje?"

"Kuniita, afande?"

"Kwa mikono. Jina lako ni lipi?"

Orina alimwona Chepkirui. Rangi ilimtoka.

"Nionyeshe."

Mkono wake ulipanda taratibu, ukashika sikio la kulia.

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, wote wakashtuka ila Kemuma.

"Kwa nini ulimuua?"

"Alikuwa anamcheka," alisema Orina. "Nilikuwa natoka na kuni. Nikaona Nyang'au amesimama mbele yake, anatupa mikono huku na huku, anashika sikio, anafanya pembe kichwani, anacheka. Tangu tukiwa wadogo watu wanamfanyia hivyo, afande. Watoto wanamfanyia, watu wazima wanamfanyia. Tulipokuja huku nilifikiri yataisha. Nilipiga wangapi kwa ajili yake! Sasa hata nyapara, mtu mzima, mtu wa kwetu... Sikujua nimeshika gogo mpaka alipoanguka. Nikakimbia hadi kiwandani."

"Uso wa dada yako uliuona?"

"Alikuwa amenipa mgongo. Nilipomzunguka Nyang'au kwa nyuma, sikutazama kitu kingine ila kisogo chake."

Kipchirchir aliweka daftari mezani, akalifungua. "Soma."

Orina aliinama. Kidole chake kilifuata michoro kama mtu anayejifunza kusoma: sikio, ng'ombe, vidole viwili vilivyoshikamana.

"Orina... ng'ombe... kuoa," alisoma. "Alikuwa anamwambia atakuja kwangu."

"Alikuwa anamchumbia. Ulilijua lini?"

"Palepale kwenye maiti. Aliponikimbilia. Aliniambia, 'Umempiga mume wangu. Kwa nini?' Mume, afande! Sikuwa najua ana mtu." Alifunika uso. "Nikaona mmesimama mnanisubiri. Nikiingia jela mimi, nani atamsikilizia? Nani atamnunulia hata dawa? Neno la mzee likanitoka. Basi likawa limetoka."

"Na yeye akafikiri umetuambia ukweli."

"Ndiyo. Siku zote namwambia ukweli. Hajui kwamba mdomo unaweza kusema kingine."

Nyamwange alitoka kwenda kumfungua Mzee Arap Korir. Inspekta aliandika maelezo hadi mwisho, Orina akatia dole gumba.

Ndipo Kemuma aliposimama mbele ya kaka yake. Hakushika sikio safari hii. Alifunua viganja vyote viwili juu, akasubiri.

"Hajaacha kuuliza," Chepkirui alimwambia inspekta kwa sauti ya chini. "Tangu jana anauliza hilo moja tu. Kwa nini."

"Mjibu," Kipchirchir alimwambia Orina.

Orina alimjibu kwa mikono iliyofungwa pingu. Ilikuwa kazi, kila ishara ikiuvuta na mkono wa pili. Chepkirui alitafsiri kwa kunong'ona: nilidhani, anakucheka, kama wale, nilidhani, nisamehe. Kemuma aliifuata mikono hiyo ishara kwa ishara. Ilipofika kwenye kicheko, uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hataweza tena kuacha kukiona.

Kisha akafumba macho.

Orina alipiga hatua, mikono bado ikisema, dada, dada, nitazame. Alimgusa mkono, Kemuma akauondoa. Macho yalibaki yamefumbwa.

Nyamwange alimchukua Orina kwa kiwiko, wakatoka. Mlango ulifungwa. Land Rover iliunguruma, ikateleza kidogo kwenye matope, ikashika njia ya Kericho.

Kemuma alisimama vilevile katikati ya chumba, macho amefumba, mpaka Chepkirui alipomgusa bega kumjulisha kwamba wameondoka.